Nafasi Aliyoiacha Baba Kwenye Kanda

Masasi,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu Jenesta,

Shikamoo. Najua unaipokea hiyo shikamoo ukiwa umesimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, ukijiuliza mdogo wako Deusi amepatwa na nini hata aandike barua ya karatasi wakati simu anayo. Sijapatwa na baya. Mimi ni mzima, mke wangu Rehema ni mzima, watoto wanasoma na kula, hasa kula. Lakini kama unasoma umesimama, tafuta kigoda ukae, maana haya ni marefu na yanakuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote hapo Nyakatuntu.

Mama anaendeleaje na lile goti? Mwambie aache kuinama kwenye maharage, kama atasikia, na hatasikia. Na migomba je, ule mnyauko umefika kwetu au umeishia kwa majirani? Kahawa mmeanua? Nauliza mengi kwa mpigo kama askari wa mpakani, lakini ukishakaa huku kusini miaka yote hii, unajikuta unaota hata harufu ya kahawa mbichi iliyoanikwa kwenye mikeka uani. Huku kuna korosho. Korosho ni nzuri, sizitukani, zimenilisha. Ila hazinuki kwetu.

Sasa nianze. Mwezi uliopita nilikwenda sokoni kutafuta bawaba za makabati ya shule moja niliyopata kazi. Pembeni ya wauza nguo za mitumba kuna mama mmoja anayeuza vyombo vilivyokwisha muda wake: pasi za mkaa, simu za kuzungusha kwa kidole, saa za ukutani zilizogoma. Katikati ya vitu hivyo nikaiona rekoda. Ile ya kubeba, dada, ya mstatili, yenye mpini wa kuvuta juu, vitufe vyake vimejipanga mbele, na kimoja chekundu cha kurekodia. Nikasimama. Mama yule akaniuliza, "Baba, unaijua hiyo au unaishangaa?" Nikamwambia naijua. Akasema, "Basi ichukue, maana wewe ni wa kwanza wiki hii ambaye hajaniuliza kama ni redio au ni sanduku la chakula."

Nikaichukua. Bawaba nikazisahau palepale, ikabidi nirudi kesho yake.

Rehema aliponiona naingia nayo ndani alicheka hadi akakaa. Unajua watani wangu wa huku, kila mtu wa Kagera kwao ni Mhaya tu, ukiwaeleza kwamba wewe ni Mnyambo wanasema ni walewale. "Mhaya wangu," akasema, "wenzako wananunua televisheni za kubandika ukutani, wewe unarudi na jeneza la nyimbo?" Nikamwambia asubiri. Nikaingia uvunguni, nikatoa ule mkebe wangu wa misumari ya zamani, na chini kabisa ya misumari nikatoa kaseti moja iliyofungwa kwenye kipande cha kitenge. Hapo Rehema akaacha kucheka, maana tumeoana miaka mingi na hajawahi kuiona.

Kitenge hicho utakikumbuka. Ni cha mama, kile cha majani ya kijani. Na kaseti hiyo ni ile aliyonirekodia baba kule Murongo.

Wewe unayakumbuka mambo yale vizuri kuliko mimi, lakini niache niyaseme, maana kuyasema kunanipa raha. Enzi hizo Kyerwa haijawa wilaya, sote tulikuwa Karagwe. Simu hakuna. Barua inakaa njiani hadi aliyeiandika anasahau alichoandika. Na pale Murongo, karibu na kivuko, alikuwepo Mzee Projestus, yule mfanyabiashara wa kutoka Muleba mwenye duka la sabuni, chumvi na vitenge vya ng'ambo. Yeye ndiye aliyekuwa na rekoda. Wazazi wenye watoto wa mbali walikuwa wanakuja barazani kwake wamevaa nguo za kanisani kabisa, koti na yote, wanakaa mbele ya mashine na kumsemea mtoto wao maneno. Kisha kaseti inangoja msafiri. Unamkumbuka yule bibi aliyeleta na kuku wake ili mwanawe amsikie kuku akilia? Tulicheka wiki nzima.

Baba naye alikwenda. Mimi nilikuwa nimekwishatimiza mwaka wa pili huku, najifunza useremala kwa fundi mmoja mkali kama pilipili. Mama aliniambia baadaye kwamba baba aliondoka alfajiri kwa miguu na mkungu wa ndizi kichwani kwa ajili ya Mzee Projestus, na kwamba alikataa kuvua kofia mbele ya mashine hadi alipokumbushwa kwamba haionyeshi sura.

Kanda ikanifikia mkononi mwa kijana wa kwetu aliyekuwa anashuka Mtwara. Na hapa, dada, ndipo aibu yangu inapoanzia, nami nitaisema yote.

Tulikuwa tunalala chumba kimoja wanagenzi watano. Mmoja alikuwa na redio kaseti. Waliposikia nimeletewa kanda kutoka nyumbani wote wakakaa kitandani kusikiliza, na mimi nikajiona mtu. Nikabonyeza. Sauti ya baba ikatoka, nzito, ya mbali kidogo, Kinyambo kitupu: "Deusi mwanangu, umeamka salama?" Kisha kimya. Kimya cha kweli, dada, kinachokaa. Halafu baba akasema, "Haya, namshukuru Mungu. Na kazi je?" Kimya tena. "Vizuri. Na huko mnakula nini?" Kimya. "Eee. Haya."

Baba alikuwa ananisalimia na kuningoja nijibu.

Wenzangu hawakujua Kinyambo, lakini hilo halikuhitaji mkalimani. Mmoja akaanza kumjibu baba kwa sauti ya mzee: "Nzima babu, tunakula mihogo babu!" Chumba kizima kikavunjika mbavu. Na mimi nilicheka nao. Nataka ulijue hilo. Sikunyamaza, sikukasirika, nilicheka, tena kwa sauti, kwa sababu niliogopa kuonekana mshamba. Kisha nikaizima, nikasema betri zimekwisha. Betri zilikuwa mpya.

Sikuisikiliza tena. Kila nilipoishika nilisikia kicheko kile, nikairudisha kwenye mkebe. Baada ya wiki kadhaa nikaandika barua nyumbani, mistari mitatu, naikumbuka yote: "Nimepata kanda. Nimesikia yote. Nawasalimu wote." Niliona ni uongo mdogo, wa adabu, wa kumfanya mzee afurahi. Fundi yule mkali alipenda kusema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu sana, dada, imenichukua maisha mazima hadi leo ndiyo nafika mwisho wake.

Basi, turudi kwenye rekoda. Nilipoweka betri ikazunguka, lakini sauti ya baba ikatoka imelegea na kuburuta maneno, utadhani ametoka kwenye mtumbwi wa pombe ya rubisi. Nikaizima haraka nisije nikaiharibu kanda. Nikaipeleka kwa fundi redio wa hapa mtaani, mtu mzima mwenzangu, akaifungua, akabadilisha ule mpira mdogo unaozungusha magurudumu, akasafisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti. Akaishika kaseti na kuigeuza. "Aliyeirekodi hii alikuwa mtu makini," akasema. "Umeona? Amevunja vimeno viwili vya mgongoni ili asitokee mpuuzi wa kurekodi muziki juu yake." Nikamshukuru Mzee Projestus moyoni, Mungu amrehemu. Mpuuzi mwenyewe nilikuwa mimi, ila muziki sikuuweka.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, watoto wamekwenda mpirani, tukakaa mimi na Rehema kwenye baraza ya karakana, mbele yetu rekoda juu ya benchi la randa. Nikabonyeza.

Nilidhani ningelia nikiisikia sauti yake. Sikulia. Nilichofanya ni kujibu. Baba akasema, "Deusi mwanangu, umeamka salama?" na mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Nimeamka salama, waitu," kwa ile heshima yetu ya Kinyambo. Na baba, dada, akasema, "Haya, namshukuru Mungu." Nafasi aliyoniachia ilinitosha kabisa. Aliipima kwa pumzi zangu. Akaniuliza kazi, nikamwambia kazi nzuri, sasa nina karakana yangu na vijana wawili ninaowafundisha. "Vizuri," akasema. Akaniuliza tunakula nini, nikamwambia ugali wa muhogo na samaki wa kukausha, lakini ndizi bado nazitamani. "Eee," akasema. "Haya."

Katikati anaingia Mzee Projestus kwa kunong'ona, na kunong'ona kwake unakumbuka kulikuwa sawa na kupiga kelele kwa mtu mwingine: "Mzee, betri zinaisha! Huyo mtoto hakusikii sasa hivi, ongea mfululizo!" Na baba anamjibu bila haraka: "Nimemwuliza mtu hali yake, unataka nisimngoje ajibu? Kwani nasalimia mbuzi?" Nilicheka hadi Rehema akataka kujua. Hiki kilikuwa kicheko kingine kabisa, si kile cha mwanzo.

Upande wa kwanza wote ni habari za nyumbani. Ng'ombe yule mwenye pembe moja amezaa. Senene mwaka huo wamekuja wengi, mama amekaanga hadi majirani wameshiba. Mvua imeangusha migomba ya upande wa chini. Jirani amemrudisha mke wake, baba mdogo Leopoldi amegombana na katekista juu ya kengele. Nyuma ya sauti unasikia Murongo yote: kengele ya baiskeli, mtu anaulizia chumvi, jogoo, mwanamke anacheka upande wa pili wa barabara. Mwanamke yule huenda sasa ni mzee au hayupo, na kicheko chake ninacho hapa kwenye benchi langu. Nilitaka upande ule usiishe.

Ukaisha. Nikageuza.

Rehema, kama nilivyokwambia siku za nyuma, Kinyambo hajui zaidi ya kuitwa kula. Alikuwa anashona shati la mtoto huku anasikiliza kwa adabu tu. Upande wa pili baba aliongea kidogo, kisha kikaja kimya. Kirefu. Rehema akanyanyua kichwa kutoka kwenye sindano. Akanitazama. "Baba wa watoto," akasema, "huyu mzee anangoja nini? Mbona humjibu?"

Nitakuandikia maneno ya baba kwa Kiswahili, lakini wewe utayasikia kwa kinywa chake mwenyewe, maana kanda hiyo unayo mkononi sasa. Alisema hivi:

"Sasa, Deusi. Habari zote hizo zingeweza kungoja. Mimi nimekuja huku kwa neno moja. Dada yako amerudi kutoka Bweranyange na watoto wake wawili, na kule harudi tena. Sitaki azeeke akipanda maharage kwenye miguu ya migomba ya watu. Kile kibanja cha juu, shamba lote kuanzia kwenye miti ya mpaka, ile milamula, hadi kijitoni, nataka kiwe chake yeye na watoto wake, asiwepo wa kumwondoa. Lakini mrithi wangu ni wewe. Siwezi kukigawa nyuma ya mgongo wako. Nakuuliza kwa mdomo wangu, nijibu kwa mdomo wako. Unakubali?"

Kisha ndiyo kimya kile. Mzee Projestus hanong'oni habari za betri. Inapita baiskeli. Jogoo anawika. Baadaye sana baba anakohoa kidogo na kusema, si kwangu, nadhani kwa Mzee Projestus aliyekuwa amesogeza mkono kwenye kitufe: "Mwache. Namngoja."

Halafu tak. Baada ya hapo kanda ni tupu.

Dada Jenesta, sikuwa nimewahi kuyasikia maneno hayo. Naapa mbele ya kaburi la baba, sikuwa nimeyasikia hadi Jumapili iliyopita.

Jumatatu nilimpigia mama. Sikumwambia sababu, nilijifanya nimekumbuka tu mambo ya zamani. Nikamwuliza, "Mama, ile barua yangu ya baada ya kanda, nani aliisoma?" Mama akasema, "Nani mwingine? Baba yako kusoma alikuwa hajui. Jenesta ndiye aliyeisoma." Nikamwuliza baba alisema nini. Akasema, "Aliuliza, ni hapo tu? Jenesta akaigeuza karatasi nyuma, hakuna kitu. Baba yako akasema, basi, mtoto amesikia yote na amenyamaza. Tukajua."

Tukajua! Mimi nimekaa huku kwa watu ambao ukiwauliza jambo wakanyamaza, umekubaliwa, endelea. Nilikuwa nimesahau kwamba kwetu ni kinyume. Kwetu mtu akiulizwa jambo la ardhi mbele ya mzazi wake akanyamaza, amekataa, ila amekataa kwa heshima, na haulizwi mara ya pili. Mimi niliandika "nimesikia yote" nikanyamaza, na wewe ukaisoma hiyo kwa sauti yako mwenyewe, umekaa mbele ya baba, watoto wako wanacheza uani.

Sasa naelewa mambo mengi niliyokuwa nayaona bila kuyaona. Nakumbuka matanga ya baba. Ulipitisha kile kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, zile za kumkaribisha mtu, ukawapa wajomba, ukampa baba mdogo, ukawapa hata wageni wa kigango tusiowajua majina, na ulipofika kwangu ukaendelea kwa aliyefuata. Mkono wangu ulikuwa tayari umeinuka. Nikaushusha, nikajifanya najikuna shingo. Nilidhani machozi yamekufanya usinione. Nilikuja tena miaka mitano baadaye, ukanipikia, ukanitandikia, ukaniita mdogo wangu, na kahawa hukunipa. Nikasema moyoni, dada amekuwa mzito wa kusahau. Mimi ndiye niliyekuwa mzito.

Nilikukasirikia kidogo pia, nisikufiche. Jumatatu hiyo nilizunguka karakana nikiongea peke yangu: kwa nini hakuniuliza hata mara moja? Neno moja tu! Lakini nikajijibu mwenyewe kabla ya mbao kukauka gundi. Dada mkubwa angepigaje magoti kwa mdogo wake, baada ya baba kuulizia na kunyimwa? Ulikuwa na watoto wawili na jembe, na heshima yako. Ningekuwa wewe ningefanya vilevile, ila ningekuwa na mdomo zaidi.

Na hapa ndipo pa haraka. Unajua baba mdogo Leopoldi alinipigia kabla ya haya yote. Alisema kibanja cha juu kimekuwa pori, ukoo utakaa ukishamalizika msimu wa kahawa, na kwa kuwa mimi siko, wanataka neno langu wampe mwanawe akisafishe. Nilimwambia nitafikiria. Ukweli, nilikuwa nimeshafikiria. Nilikuwa nakaribia kumwambia fanyeni mnavyoona. Siku ileile niliyokwenda kununua bawaba nilikuwa nimepanga kumpigia jioni yake. Nikarudi na rekoda, nikasahau. Fikiria, dada. Ningepata bawaba haraka, ungekuwa umekosa kibanja mara ya pili kwa mdomo wangu huuhuu.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilirudi kwa fundi redio, nikamwuliza kama mtu anaweza kurekodi kwenye kaseti iliyovunjwa vimeno. Akasema bandika karatasi ya gundi juu ya matundu, itakubali. Lakini akaninyooshea kidole: "Ukibonyeza hiki chekundu, kilichokuwepo hapo kimekwenda. Hakirudi hata ukilia." Maneno hayo yalinikosesha raha siku tatu. Nimekata mbao za bei mbaya maisha yangu yote bila kusita. Kitufe hiki kilinishinda. Nilifanya mazoezi kwanza kwenye kaseti ya kwaya niliyopewa na yule mama wa sokoni, nikaifuta kwaya nusu nzima, Mungu anisamehe. Jana mchana Rehema akaniambia, "Acha kuiogopa. Mzee amekungoja vya kutosha."

Kwanza nilifikiri nijibu ndani ya kile kimya chenyewe, mahali aliponiachia. Nikakataa. Kimya kile ni cha baba, kina jogoo na baiskeli ndani yake, na kina yeye akipumua. Sitakigusa. Nikaiacha kanda ipite, hadi "Mwache, namngoja," hadi ile tak, nikaiacha izunguke tupu kidogo kwa usalama. Hapo ndipo nilipobonyeza, nikasema. Sitakuandikia nilichosema, utakisikia.

Mzigo huu umekuja na mwanamke wa kwetu aliyekuja huku kumsaidia binti yake aliyejifungua, ni mtu wa kuaminika. Ndani kuna rekoda, kaseti, na betri ambazo hazijafunguliwa. Nimeweka pia karatasi niliyotia saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, yenye mhuri, inayosema kibanja cha juu ni chako na watoto wako. Hiyo karatasi ni ya ofisi ya kijiji. Kanda ni ya ukoo. Baba mdogo nimempigia nikamwambia jibu langu linakuja kwa njia ya barabara, na kwamba halitakuwa neno langu peke yangu. Akauliza litakuwa la nani tena. Nikamwambia akae karibu na mashine siku hiyo, masikio yake si mazuri.

Siku ya kikao, iweke rekoda kwenye kigoda cha baba, upande wa pili juu. Mama akae karibu kabisa. Baba akishauliza swali, mtu yeyote asiizime. Watadhani imekwisha, watakohoa, Leopoldi atanyoosha mkono. Mzuie. Mwambie anangojwa mtu.

Nisalimie mama, mwambie namshikia goti lake la kushoto kwa mikono yote miwili. Msalimie mwanao mkubwa aliye dereva wa bodaboda Murongo, mwambie mjomba wake ana neno naye kuhusu kofia ngumu ya kichwani. Msalimie na binti yako mdogo aliyejifungua mapacha, wajukuu zangu hao nitawaona kabla hawajaanza kunikimbia. Hata baba mdogo Leopoldi mpe salamu, pamoja na shangazi wa Bweranyange aliyekuwa upande wako wakati wengine tulikuwa tumenyamaza. Rehema anakuamkia. Anasema amejifunza neno moja la Kinyambo, lakini hataki kulisema hadi akuone.

Nitakuja senene wakianza kuruka, nimekwishamwambia mwenye makabati ya shule kwamba atayangoja. Sitakuletea zawadi nyingi. Nitakuletea mlango, nimeshauchonga, wa mninga, kwa ajili ya nyumba utakayoijenga kule juu kwako. Na siku hiyo, dada, wageni wakishakaa na wewe ukainuka na kile kikapu cha kahawa, mimi nitakuwa nimekaa mwisho karibu na mlango, mkono nimeunyoosha. Usinipite.

Mdogo wako,
Deusi